Magurudumu ya Mama Mmoja

Wenzangu wengi waliorudi kutoka ng'ambo walirudi na redio za kaseti, makoti mazito na Kiingereza cha puani. Mimi nilirudi na diploma ya uhandisi wa magari na vifuniko vinne vya magurudumu. Pale uwanja wa ndege afisa wa forodha alifungua sanduku langu, akatoa kimoja, akajitazama ndani yake, akajipangusa masharubu, kisha akaniuliza kama mimi ni mpishi. Nikamwambia mimi ni mhandisi. Akanifungia sanduku kwa heshima, ingawa niliona bado ana mashaka.

Sikusomeshwa na mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu Migori wanaopenda kusema kila aliyefika mbali alibebwa. Nililima tumbaku Uriri kwenye shamba la kuazima, nikaikausha, nikaiuza, nikapata nauli yangu mwenyewe. Kule Uingereza mchana nilikuwa darasani, jioni nilikuwa nyuma ya hoteli moja nikiosha sahani za watu ambao sikuwahi kuwaona. Jumapili nilikuwa natembea kwenye soko la vitu vikuukuu, na huko ndiko nilikoviona vile vifuniko: vinne vya gari la kifahari la miaka ya hamsini, kromu tupu, kila kimoja na duara jekundu katikati. Nilivinunua kabla sijawa na gari. Wakenya wenzangu walicheka, wakaniuliza kama nimenunua na maji ya kuliosha hilo gari. Niliwaacha wacheke. Mtu mwenye mipango huonekana mwendawazimu kwa muda, halafu gari linakuja.

Mama yangu alipoviona aliviita sahani. Alivisifu sana, ila akasema aliyevitengeneza alikuwa mzembe, maana kila sahani ilikuwa na tundu. Nilimweleza kwamba tundu ni la kupitishia mdomo wa tyubu. Akasema hata hivyo mchuzi utavuja.

Gari likaja miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Bodi niliipata nyuma ya duka moja mjini Migori, ambako kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, refu, lenye mabega mapana na mkia kama wa samaki. Injini niliitoa kwenye pikapu, gia kwenye pikapu nyingine, taa za mbele kwenye trekta. Nililiunda mwenyewe, likanguruma, na mji wote ukatoka nje. Sijaona gari jingine kama lile kutoka Isebania mpaka ziwani, na sitegemei kuliona.

Tatizo lilikuwa magurudumu. Rimu za gari lile hazikuwepo Migori, wala Kisii, wala Kisumu. Gurudumu la nyuma kulia ndilo pekee lililokuwa la gari lenyewe. La nyuma kushoto lilitoka kwenye pikapu ya kubebea tumbaku. La mbele kulia lilikuwa la gari la mikate. La mbele kushoto lilitoka kwenye trela ya kuvutia pampu ya maji, nalo lilikuwa dogo kuliko yote, hata gari likisimama lilionekana kama mtu aliyeinama kusikiliza umbea. Kila rimu nilitoboa matundu mapya ili nati zikubali, na hesabu zilikuwa sahihi. Gari lilikwenda. Urembo ndio uliokuwa bado.

Sikuwa na haraka ya urembo mpaka nilipotaka kuoa.

Msichana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Rongo. Kwao kulikuwa mbele ya Rodi Kopany, kwenye mteremko unaotazama ziwa upande wa Homa Bay. Alinipenda mimi, na gari alilizoea. Siku ya kwanza nilipomrudisha kwao, mama yake alitoka na wanawake wenzake wa kanisa waliokuwa wamekuja kumsalimia, akalizunguka gari langu lote polepole, mikono nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Hakunisemesha, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawasemeshani ovyo kwetu. Alizungumza na wenzake, kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Hili gari lina miguu ya watu wanne," alisema. "Huyu mtu akiamka asubuhi moja aamue kurudi kwa Wazungu, ataenda na mguu wa nani?"

Wanawake wa kanisa wakacheka. Naye, kwa kuwa amechekewa, akaongeza lile neno lililonitesa:

"Nitasema *ayie* siku magurudumu hayo yatakapokuwa ya mama mmoja."

Kwa asiye Mluo, *ayie* maana yake ni "nimekubali". Ni neno, na pia ni zawadi ya kwanza anayopewa mama wa msichana mkononi mwake kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa. Mama asipolisema, unaweza kuleta zizi zima ukasimama nalo langoni mpaka mvua ikunyeshee. Na huyu alikuwa ameapa mbele ya wanawake wa kanisa, watu ambao hawasahau. Msichana aliniambia baadaye, kwa upole, kwamba mama yake hajawahi kurudi nyuma katika jambo alilosema hadharani. Yeye mwenyewe angeningoja, lakini asingeondoka kwao bila neno hilo.

Nikakumbuka vifuniko vyangu. Rimu zinaweza kutofautiana chini kwa chini. Kinachoonekana ni kifuniko. Magurudumu manne yenye sura moja ni magurudumu ya mama mmoja. Nilifurahi hata nikakosa usingizi, kwa sababu niliona kwamba nilikuwa nimenunua mahari yangu kwenye soko la Jumapili bila kujua.

Nilimwita fundi wa kuchomelea, rafiki yangu, Mkuria aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya Migori. Tulizungumza Kiswahili kwa kuwa Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni na Kikuria changu hakikuwepo kabisa. Alilala chini akalitazama gari, akainuka.

"Injinia," alisema, "hii gari ni familia imekosana."

Kifuniko cha aina ile hushikwa na meno ya chuma yanayong'ata ukingo wa rimu. Gurudumu la nyuma kulia liling'atwa mara moja, likasema tak, nikajisikia kama niko Uingereza. La pikapu lilikuwa pana mno, kifuniko kikazama katikati yake kama kifuniko cha sufuria ndogo juu ya sufuria kubwa. Nilikata debe la mafuta ya kupikia, nikatengeneza pete ya bati, nikajaza ile nafasi. La gari la mikate lilikuwa na ukingo butu. Nikakunja meno moja moja kwa koleo. Kazi safi. Hata leo naweza kuirudia.

La trela ndilo lililokataa. Kifuniko kilikuwa kikubwa kuliko rimu, kikakaa juu ya tairi kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto mchanga. Fundi akataka kukichomelea. Nikamwambia moto utaua kromu. Akasema basi tukipige nyundo kipungue. Nikamwambia akikipiga nyundo nami nitampiga. Akakaa, akafikiri, akashauri tupake magurudumu yote rangi ya fedha na vifuniko nivirudishe kwa mama yangu alie ugali. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyechoka.

Dawa niliipata kwa kumtazama miguuni. Alikuwa amevaa patipati za mpira za bluu, mpya, zenye soli nene. Soli ya patipati inabana, inarudi, haiogopi maji. Tulikata moja yake na moja yangu, ili tusilaumiane, tukatengeneza vipande vya kusukumia kati ya tairi na kifuniko, kisha nikapitisha waya kwenye lile tundu la tyubu, nikauzungusha nyuma ya rimu na kuukaza kwa koleo. Tukakipiga kwa kiganja. Hakikutikisika. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaangalia. Gari langu lilikuwa na miguu minne inayofanana, na ule wa mbele kushoto tu ndio uliochungulia bluu kidogo, kama mtu aliyevaa suti na soksi za nduguye.

Siku ya kwenda ukweni tulikuwa watatu. Mimi dereva. Baba yangu mdogo kiti cha nyuma, ndiye msemaji wetu, mtu wa baraza na kanisa, anayeweza kusema mpaka mwenye hasira asahau alikasirikia nini. Bahasha ya *ayie* ilikuwa kwenye mfuko wake wa ndani. Na fundi kando yangu, viatu vya kuazima miguuni, nyundo na koleo mapajani, kwa ajili ya dharura.

Dharura ya kwanza ilikuwa Uriri. Kifuniko cha gari la mikate kilituaga kwenye shimo, kikakata kona kuingia sokoni, na tulipofika tulikuta mwanamke muuza maharagwe ameshakishika na tayari anampimia mteja. Alitaka kubaki nacho. Alisema gorogoro yake, kopo la bati la kupimia, watu wanailalamikia kwamba ameibonyeza chini, lakini kwa chombo kinachong'aa hivi hakuna mteja angethubutu kumshuku. Baba mdogo alimwomba kwa maneno mazuri, naye mwanamke akakirudisha, na maharagwe mawili yakabaki yamekwama kwenye meno.

Kuanzia hapo fundi alishauri tupunguze mwendo. Tukapunguza. Karibu na Rongo tulipitwa na mwendesha baiskeli aliyebeba kreti za soda, naye akatusalimia, akatuuliza za nyumbani, tukamjibu kwa kirefu, ndipo akatangulia. Baba mdogo akasema tukichelewa zaidi tutamkuta msichana amestaafu ualimu. Nikamwambia gari la kifahari haliendeshwi kama la kubeba mawe. Huo ni ukweli, na nilikuwa nimeusoma.

Rodi Kopany tulisimama kufuta vumbi. Watu wakaja. Mmoja alichana nywele mbele ya gurudumu la nyuma. Mwingine alimuuliza fundi hili ni gari la mbunge gani, na fundi, ambaye sikumfundisha kusema uongo, akasema mbunge mwenyewe amelilia na kunyimwa. Nilisimama kando nikayatazama magurudumu yangu manne, yote yakiwa na jua moja ndani yake. Nilijua mama yule akitoka na kuyazunguka hatakuwa na la kusema isipokuwa lile neno.

Boma lao liko chini ya barabara. Unaingia langoni ukiwa juu, halafu uwanja unateremka mpaka kwenye nyumba kubwa, na kando yake jiko, mlango wazi unaotazama lango. Baba wa msichana alikuwa amekaa kivulini na wanaume wa ukoo wake. Wanawake wa kanisa walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi, wale wale. Nilipofika langoni niliona ni adabu kusimama hapo kwanza. Nikakanyaga breki.

Breki zilishika vizuri sana, nilizifunga mwenyewe. Magurudumu yakasimama. Kifuniko cha mbele kushoto hakikusimama.

Nilisikia waya ukikatika. Vipande vya patipati vikaruka kama panzi. Kifuniko kikashuka uwanjani kimesimama wima, hakina haraka, kikapita mbele ya baba wa msichana aliyekigeuzia kichwa kama anayesalimiwa, kikawapita wanawake wa kanisa waliokunja miguu mmoja baada ya mwingine, kikawatawanya kuku, kikaingia jikoni kwa mama mkwe wangu kupitia mlangoni, sawasawa, bila kugusa miimo. Ndani kukasikika mlio wa sufuria, halafu mlio mrefu wa kitu kinachozunguka kikitafuta kulala. Kikalala.

Fundi alifungua mlango akimbie kukifuata. Baba mdogo akamdaka ukosi kutoka nyuma. Kwa Waluo mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, na watu wa mkwe vile vile, na siku ya *ayie* ndiyo kabisa. Kifuniko kilikuwa kimeingia mahali ambapo mimi, mwenye gari, mwenye diploma, nisingeweza kuingia hata nyumba ikiungua.

Watu wote walinitazama. Baba mdogo akashuka, akavua kofia, akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Mama uliye ndani," alisema, "tumetanguliza kelele kabla ya salamu. Mtatukubali hivi hivi tulivyo?"

 Halafu sauti ikatoka mle jikoni, ya mtu aliyechutama anayeangalia kitu:

"*Ayie.*"

Baba mdogo alivaa kofia yake palepale, kama mtu aliyemaliza shughuli. Akawageukia wazee, akawashukuru kwa mapokezi, akasema neno limesikika na mashahidi wako kwenye mabenchi.

Baba wa msichana alisimama. "Ngoja, ori," alisema, maana ndivyo wakwe wanavyoitana. "Amekubali kelele. Hajakubali watu."

"Nilimuuliza juu ya sisi, si juu ya kelele."

"Basi aulizwe tena, kwa utaratibu."

"Jaduong', mzee wangu, neno hilo halisemwi mara mbili kwa msichana mmoja," baba mdogo akasema kwa unyenyekevu mkubwa. "Akilisema mara ya pili itabidi mtupe na mdogo wake."

Mzee akamtazama binti yake mdogo aliyekuwa amebeba maji, akamwashiria aende ndani. Wazee wakaanza kubishana wao kwa wao. Mmoja akasema neno lililotoka jikoni si sawa na lililotoka sebuleni. Mwingine akasema jiko ndilo nyumba yenyewe, sebule ni ya wageni. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari langu, na gurudumu la trela lilikuwa wazi, jeusi, dogo, lenye nati zilizokaa kama meno mabovu, na kila mtu angeweza kuona sasa kwamba lilikuwa la mama mwingine kabisa. Nilijua akitoka ataliona. Nilijua wanawake wa kanisa walikuwa wameshaliona; walikuwa wakigusana viwiko.

Akatoka. Alikuwa amekishika kifuniko kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kukiosha; maji yalikuwa bado yanadondoka kupitia lile tundu. Nikainamisha macho, kama inavyopasa, nikawa naona miguu yake tu ikilizunguka gari polepole kama mara ile ya kwanza. Nyuma kulia. Nyuma kushoto. Mbele kulia. Ikafika kwenye lile la trela, ikasimama hapo muda mrefu.

"Mwulizeni mwenye gari," aliwaambia watu, si mimi. "Hii sahani ni ya gari au ni yangu?"

Sasa nitasema ukweli wa moyo wangu. Nilikibeba kile kifuniko kutoka Uingereza. Kilivuka bahari kwenye sanduku ambamo ningeweza kuweka viatu. Vinne ni seti, na vitatu ni vyuma chakavu. Mtu yeyote wa magari anajua hivyo. Nikisema ni cha gari, ningekichukua, ningekifunga tena kwa waya, na gari langu lingekuwa kamili pale pale langoni, bila mke. Nilifikiri kwa muda mfupi kuliko watu wanavyodhani.

"Baba, mwambie ni yake," nikamwambia baba mdogo.

"Anasema ni yako, mama."

"Nimesikia." Akawageukia wanawake wa kanisa, akakiinua kifuniko ili wakione vizuri. "Nyinyi mlinisikia siku ile. Hii moja ni yangu, sivyo? Na zile tatu kwenye gari ni ndugu zake wa tumbo moja, hata mtoto anaona. Basi magurudumu haya yana mama mmoja, na mama mwenyewe ni mimi."

Akarudi jikoni nacho.

 Baba wa msichana alikaa chini akaomba maji. Baba mdogo alimfuata mama mpaka karibu na mlango, akatoa bahasha kwa mikono miwili, naye akaipokea bila kuitazama. Fundi, ambaye Kijaluo chake cha sokoni hakikutosha kuyafuata yaliyopita, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kifuniko tutakirudishiwa au akatafute patipati nyingine. Nikamwambia kimeshaoa.

Mlo ukaja. Mkwe hupewa kuku, na kuku wangu aliletwa ndani ya kifuniko changu, akiwa amekaa juu ya duara jekundu. Tundu la tyubu lilikuwa limezibwa kwa tonge la ugali lililosukumwa kwa kidole, kazi ya mtu aliyekagua kabla ya kupakua. Mchuzi haukuvuja hata tone. Nilikula mpaka nikauona uso wangu.

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba kaka wa mama yake aliendesha lori miaka mingi, na kwamba mama yake anajua kifuniko cha gurudumu kama anavyojua mwiko. Sikuwahi kumuuliza zaidi. Tulirudi Migori na vifuniko vitatu, gari limeinama kusikiliza kama kawaida yake, na sikutafuta cha nne. Waliponiuliza mjini nimekipotezea wapi niliwajibu kwamba sijapoteza kitu, na kwamba kama kuna mwingine kati ya Migori na Homa Bay aliyeposa kwa kromu ya Uingereza, ajitokeze. Hajajitokeza bado.

Gari hatimaye nililiuza, kwa mtu aliyelipenda kwa macho. Alilizunguka, akafika kwenye gurudumu la trela, akaniuliza cha nne kiko wapi. Nikamwambia kiko kazini. Kila tukienda ukweni kinasuguliwa kwa majivu na kinaletwa mezani, tundu likiwa limezibwa, na sijaona kutu hata mahali pamoja.